Daftari 26 za Mchoraji Haydon



Kila mtu aliyepita katika seminari kubwa anajua shauri hili: kila jioni andika mistari michache juu ya siku yako, namna ulivyoiishi mbele ya Mungu. Padri mwongozi wa roho analitoa mwaka wa kwanza. Tunanunua kaye, tunaandika kwa bidii mwezi mmoja, kisha wengine wanachoka na wengine wanaendelea. Mimi nilikuwa katika wale walioendelea. Juma moja mbele ya kupewa ushemasi nilizifungua kaye zangu zote, ili nione kazi ya Mungu ndani yangu na kumshukuru. Nilikuta nini? Makosa ya wenzangu yaliandikwa kwa usahihi, siku na saa. Hasira yangu juu ya mwalimu mmoja aliyenipa alama ndogo ilijaza kurasa tatu. Sala zilikuwa nyingi na ndefu. Lakini kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa bado liko katika mwaka wa mwisho, lile lile, kwa maneno yale yale. Hapakuwa na mahali hata pamoja palipoonyesha kwamba nilikuwa nimerudi nyuma, nikasoma, nikashituka.

Tangu siku ile nimejiuliza: kuandika maisha yako kila siku kunafaa nini? Swali hilo lilinipeleka kwenye maandishi ya mtu ambaye kwa nje hana udugu nasi. Ni Mwingereza, ni Mwanglikana, ni mchoraji wa picha kubwa za namna ya kale. Jina lake ni Benjamin Robert Haydon. Aliandika daftari zake tangu mwaka 1808 mpaka 1846, siku aliyokufa, na zote pamoja ni 26. Nataka kuzipima hapa kama tunavyopima kitabu: tuseme uzuri wake, tuseme upungufu wake, kisha tuulize zinatufundisha nini sisi tulio katika njia ya wito.

1. Mtu na kazi yake

Haydon alizaliwa tarehe 26 Januari 1786 mjini Plymouth, bandari ya kusini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mwuza vitabu, naye alitaka mtoto aendeshe duka. Macho ya kijana yalikuwa dhaifu kwa sababu ya ugonjwa. Hata hivi mwaka 1804 alikwenda London, akaingia shule ya Royal Academy, yaani chuo cha wachoraji kilicho chini ya ulinzi wa mfalme.

Katika vyuo vya namna ile wanafunzi walifundishwa kwamba picha zote hazina cheo kimoja. Chini kabisa ni picha za matunda na mitungi. Juu kidogo ni nchi, miti na wanyama. Juu tena ni sura ya mtu aliyelipa ili achorwe. Na juu ya zote ni picha za mambo makubwa: Biblia, Wagiriki na Waroma, wafalme na vita. Anayetaka kuchora picha za cheo hicho lazima ajue mifupa na misuli kwa kupasua maiti, na anakili sanamu za mawe za zamani mpaka mkono uzoee. Haydon alilipokea fundisho hilo kama mtu anavyopokea imani. Mwaka 1808 aliona sanamu za Parthenon, ambazo Lord Elgin alizitoa Athene akazileta London. Alikaa mbele yake saa nyingi akizichora, hata usiku kwa mshumaa. Wakubwa wengine walipozidharau, yeye alizitetea kwa nguvu, na mwaka 1816 Bunge la Uingereza likazinunua.

Lakini mwaka 1809 Royal Academy ilitundika picha yake moja katika chumba kidogo cha pembeni. Hakusahau kamwe. Mwaka 1812 alikishambulia chuo hicho kwa ukali katika gazeti, na tangu hapo maisha yake yakawa na shida ya ajabu: alitumikia mafundisho ya chuo kwa moyo wote, na wakati uleule alipigana na chuo chenyewe. Tena picha zake zilikuwa kubwa mno. Hakuna nyumba ya mtu iliyoweza kuzipokea, na serikali na makanisa hayakuziita. Basi akakopa. Alikopa kwa rafiki na kwa wakopeshaji wa riba. Alikopa hata paundi 30 kwa mshairi John Keats, kijana maskini kuliko yeye, na Keats alipozihitaji hakuzipata. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mara nne alitiwa kifungoni juu ya madeni, mara ya kwanza mwaka 1823.

2. Jicho linaloona

Sasa tufungue daftari zenyewe. Ni mabuku makubwa, na ndani yake kila kitu kimo: michoro ya mikono na miguu, hesabu za madeni, ugomvi, sala, habari za mke na watoto, maneno ya wakubwa waliokuja kukaa ili wachorwe. Kwa kufuata daftari hizo Haydon alianza pia kuandika hadithi ya maisha yake, akaifikisha mwaka 1820. Nitazitumia zote mbili.

Sifa ya kwanza ya mwandishi huyu ni kwamba anaona. Tuchukue mfano mmoja. Tarehe 28 Desemba 1817 aliwaalika rafiki wachache kula katika chumba chake cha kuchorea. Walikuwapo Wordsworth, Keats na Charles Lamb, na nyuma yao ilisimama picha kubwa ambayo ilikuwa haijaisha, Yezu Kristu akiingia Yeruzalemu. Baadaye aliingia Joseph Ritchie, kijana aliyekuwa anajitayarisha kusafiri katika Afrika kupitia jangwa la Sahara. Haydon anamwonyesha akiwa na furaha ya safari, na msomaji anayejua kwamba Ritchie alikufa Murzuk mwaka 1819 anasoma mistari hiyo kwa uchungu. Akaja pia mkubwa mmoja wa biro ya tembre za serikali, mtu wa heshima na wa maswali ya bure. Alimwuliza Wordsworth kama Milton hakuwa mtu wa akili kubwa. Lamb, aliyekuwa amekunywa divai nyingi, alishika mshumaa akaomba aruhusiwe kuchungulia kichwa cha bwana huyo, ili aone kimeumbwa namna gani. Wengine walijitahidi kumvuta katika chumba kingine huku wakizuia kicheko.

Haydon haelezi sana. Anaweka mshumaa, kichwa, uso wa Wordsworth aliyekuwa chini ya bwana yule katika kazi ya serikali, na sauti ya Lamb ikitoka nyuma ya mlango. Sisi tunaona chumba chote. Mwaka 1821 Keats alikufa Roma akiwa na miaka 25. Katika ukurasa ule anacheka bado.

Mfano wa pili ni mdogo kuliko huo, lakini mimi naupenda zaidi. Alipokuwa akichora Hukumu ya Salomoni, picha iliyomalizika mwaka 1814, alikosa pesa hata za chakula. Aliingia katika nyumba ya kulia alimozoea, akala kwa aibu, kisha akasema kwamba leo hawezi kulipa. Mwenye nyumba alimwita kando. Akamwambia aje kula kila siku mpaka picha iishe, malipo yatakuja baadaye. Haydon, aliyejua kuandika kwa majivuno makubwa juu ya wafalme na mashujaa, anaandika habari ya mwuza chakula huyo kwa maneno machache ya kawaida, na ndiyo sababu tunamwamini.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 1820, siku alipofungua maonyesho ya ile picha ya Yeruzalemu. Watu wa heshima walijaa. Wote walitazama uso wa Kristu, na hakuna aliyethubutu kusema kama ni mzuri au mbaya. Ndipo aliingia Sarah Siddons, mwigizaji mkubwa wa tamthilia, akatazama, akasema kwa sauti yake nzito kwamba Kristu amefanikiwa. Mara moja wote wakaona hivyo. Haydon alifurahi sana. Sisi tunaosoma tunaona jambo jingine pia: namna watu wanavyongoja mtu mmoja awaambie wapende nini. Yeye alikwisha kuliandika wazi, lakini hakulisoma.

3. Mtu anayesali

Hapa tunafika mahali panapotuhusu. Daftari hizi zimejaa sala. Haydon hakuwa mtu wa dini ya mdomo tu. Kabla ya kuanza picha mpya alipiga magoti mbele ya kitambaa cheupe. Alipofungwa alisali, alipotolewa alishukuru, mwaka ulipokwisha alihesabu neema na shida. Watoto wake kadhaa walikufa wadogo, na sala alizoandika karibu na vitanda vyao haziwezi kusomwa upesi.

Lakini tukizisoma nyingi kwa pamoja, tunaanza kusikia kitu. Anaomba nguvu ya kumaliza picha. Anaomba kuwashinda wanaompinga. Anaomba sanaa ya nchi yake ipande, na ipande kwa mkono wake. Anaomba pesa ya deni la kesho, na rafiki akileta pesa hiyo, anaona kwamba Mungu ametia sahihi shauri lote. Ni mara chache sana anauliza kama shauri lenyewe ni la Mungu. Anamweleza Mungu kazi ya kufanya.

Mtu anaweza kunijibu: Je, Zaburi hazimwombi Mungu msaada juu ya adui? Ndiyo, zinaomba. Lakini mwenye Zaburi anamwomba pia Mungu amchunguze, amjaribu, aangalie kama kuna njia mbaya ndani yake. Sauti hiyo ya pili ni nadra katika Haydon. Daftari inaweza kuwa kioo, nayo inaweza kuwa wakili. Kioo kinakuonyesha uso wako, hata asubuhi mbaya. Wakili anatafuta maneno ya kukutetea. Haydon alikuwa na wakili hodari, aliyefanya kazi naye miaka 38 bila kupumzika.

Kwa haki niseme: si kweli kwamba hakurudia kamwe kusoma. Alirudia, mara nyingine akaandika pembeni neno la toba au la kicheko. Lakini mara nyingi alirudia kama mtu anayetafuta karatasi za kesi yake, ili aonyeshe siku na saa alipodhulumiwa. Nami nilipozikumbuka kaye zangu za seminari, sikuweza kumcheka.

4. Wilson na Beckford

Kuna kurasa ambazo sisi Waafrika hatuwezi kuzipita. Mwaka 1810 Haydon alimpata mtu mweusi aliyeitwa Wilson, baharia wa Boston katika Marekani, mwenye mwili wa kupendeza sana. Alimlipa, akamchora akiwa amesimama namna mbalimbali, akaona katika kiungo baada ya kiungo uzuri ule ule wa sanamu za Wagiriki. Kisha akataka kupata umbo la mwili mzima kwa plasta. Walimzungushia ukuta, wakamimina plasta. Plasta ikaanza kukauka na kumbana, Wilson akashindwa kuvuta pumzi, na mafundi wakavunja haraka wakamtoa. Alikuwa karibu kufa.

Mtu aliyeona uzuri huo alipaswa kuandika nini? Haydon aliandika kwamba mifupa na misuli ya mtu mweusi inaonyesha kiumbe kilicho kati ya mnyama na Mzungu. Macho yaliona jambo moja, akili ikaandika jingine, kwa sababu akili ilikuwa imekwisha kupokea fundisho la wakati ule mbele ya macho kufunguka. Tukisoma hayo tunaumia. Tusifunge kitabu.

Miaka 30 ilipita. Mwezi wa Juni 1840 ulikusanyika London mkutano mkubwa wa watu wa nchi nyingi waliotaka utumwa uondolewe duniani pote. Haydon aliitwa auchore. Alichora sura zaidi ya 130 katika kitambaa kimoja, mzee Thomas Clarkson akiwa anasema mbele ya wote. Na mbele, mahali pa kuonekana, alimweka Henry Beckford, mtu mweusi wa Jamaica aliyekuwa mtumwa akapata uhuru.

Wakati wa kuchora, Haydon alifikiri jaribio. Wale waliopigania uhuru wa watumwa walipokuja kuchorwa mmoja mmoja, aliwaambia kwamba atawaketisha karibu na mtu mweusi, kisha akatazama nyuso zao. John Scoble, mmoja wa viongozi wa mkutano, alianza kutoa sababu za ufundi: eti mtu mweusi angefaa zaidi akiwekwa mbali, picha ingependeza. George Thompson alisema kwamba haoni kizuizi. William Lloyd Garrison wa Marekani alikubali mara moja kwa moyo. Haydon aliyaandika yote. Tena aliongeza hukumu ambayo ningependa kila mmoja wetu aijue: haitoshi mtu kusema kwamba haoni kizuizi. Anayetaka kweli kumweka mtu mweusi sawa na yeye hana budi kuacha kumtazama kama mtu aliyekuwa mtumwa, na asione taabu yoyote kuketi kando yake.

Hukumu hiyo ni kweli mpaka leo, na inapita rangi ya ngozi. Ni wangapi katika sisi tunaohubiri vizuri juu ya udugu, lakini ikifika siku ya kuketi mezani na mtu wa kabila lingine, au na katekista mzee asiyejua Kifaransa, tunaanza kutoa sababu za ufundi? Haydon wa mwaka 1840 anamhukumu Haydon wa mwaka 1810, lakini yeye hazileti daftari mbili hizo pamoja. Hasemi: mimi niliandika vile, sasa naona hivi. Kazi hiyo ya kuzilinganisha anatuachia sisi.

Na tazama jambo linalofuata. Katika mkutano uleule alikuwapo Lucretia Mott, mwanamke hodari wa Marekani. Haydon alikuwa amemwandalia mahali pazuri katika picha. Walipozungumza alitambua kwamba imani yake juu ya umungu wa Kristu si kama yake. Mara moja akaamua kumsogeza nyuma, na mahali pale ampe mwanamke mzuri mwenye imani sahihi. Akaandika hata kwamba labda ni ufinyu wa roho, lakini atafanya hivyo tu. Basi kiti kilekile alichotumia kupima mioyo ya wengine, alikitumia kuadhibu. Aliona ufinyu wake, akautaja kwa jina lake, akapita. Waliosema kwamba mganga hajigangi walijua mambo.

5. Mwisho wa daftari

Mwaka 1843 wachoraji walishindana ili wapatikane watakaopamba kuta za Bunge jipya la London. Kwa miaka mingi Haydon alikuwa amepiga kelele kwamba serikali ipambe nyumba zake kwa picha kubwa. Hatimaye serikali ilisikia, na yeye aliyedai jambo hilo kuliko wote hakupata tuzo hata moja.

Mwaka 1846 alikodi chumba katika Egyptian Hall, nyumba ileile ya furaha yake ya mwaka 1820, akaonyesha picha mbili mpya. Katika nyumba hiyo hiyo alikuwa akionyeshwa mtoto mfupi sana wa Marekani, aliyeitwa General Tom Thumb. Watu wakasukumana kwa maelfu kumwona mtoto. Kwa Haydon walifika wachache, naye akaandika hesabu yao: 133 na nusu, nusu ni msichana mdogo. Hata katika siku zile za uchungu jicho lake halikukosa neno la kuchekesha. Hasara ilipita paundi 100, juu ya madeni mengine makubwa.

Katikati ya Juni aliwaandikia wakubwa watatu akiomba msaada. Aliyejibu upesi alikuwa Sir Robert Peel, waziri mkuu aliyezungukwa na shida zake mwenyewe, naye alituma paundi 50. Hazikutosha. Haydon alikaa saa nyingi mbele ya picha aliyokuwa ameianza, akiitazama bila kufanya kitu. Tarehe 22 Juni 1846, katika chumba chake cha kuchorea, alijiua. Mbele ya hapo aliandika katika daftari ombi fupi la msamaha wa Mungu, maneno machache kutoka tamthilia ya Shakespeare, na kwamba huo ndio mwisho wa buku la 26. Wale walioitwa kuchunguza kifo walisema kwamba akili yake ilikuwa imechafuka.

Sisi mapadri tusijifanye mahakimu. Katekisimu ya Eklezia inatufundisha kwamba mateso makubwa ya roho yanaweza kupunguza hatia ya mtu, na kwamba tusikate tumaini juu ya wokovu wa waliojiua. Mungu ana njia anazozijua mwenyewe. Neno la mwisho la Haydon kwa Mungu halikuwa dai wala hesabu. Lilikuwa ombi la msamaha. Labda katika kurasa zote ndiyo sala pekee ambayo wakili hakuishika mkono.

Alikuwa amepeleka maandishi yake nyumbani kwa mshairi Elizabeth Barrett, ambaye walizoea kuandikiana bila kuonana, akitumaini kwamba yeye atayatengeneza yawe kitabu. Haikuwa hivyo. Tom Taylor alitoa mafungu yake mwaka 1853. Daftari nzima zilitolewa Marekani kati ya 1960 na 1963 na Willard Bissell Pope, katika mabuku matano. Anayeanza asianze na hayo matano. Hadithi ya maisha aliyoiandika mwenyewe inatosha kufungua mlango.

6. Wito na kipaji

Waandishi wengine wametoa hukumu fupi juu ya Haydon. Charles Dickens alisema kwamba alikuwa mchoraji mbaya aliyekosea wito wake. Mwaka 1926 Aldous Huxley alisema kwamba mtu huyu alizaliwa mwandishi, akapoteza maisha yake mbele ya kitambaa. Mimi nakubali kwamba kurasa zake zina uzima kuliko picha zake. Katika picha kubwa anatafuta ukubwa, na mara nyingi anapata upana tu. Katika daftari anasahau kuwa mkubwa, na hapo ndipo anapoandika vizuri.

Lakini hukumu hiyo inasema juu ya kipaji tu. Kosa la Haydon, kadiri ninavyoona, linakaa chini zaidi. Yeye aliamini kwamba mateso yanathibitisha wito. Akikataliwa, aliona ni kwa sababu yeye ni mkubwa. Akifungwa, aliona ni taji ya mashahidi. Akisaidiwa, aliona ni Mungu anakubali. Mtu anayefikiri hivyo hawezi tena kusikia neno la kumrudisha, kwa sababu ndiyo na hapana, kwake, zote zinasema ndiyo. Hakuwa na mtu hata mmoja aliyempa ruhusa ya kumwambia: ndugu, simama.

Ndiyo maana Eklezia haikuacha wito mikononi mwa anayeusikia peke yake. Siku ya upadrisho kijana anaitwa kwa jina, na Askofu anauliza kama amestahili, na mwingine anajibu, si yeye. Sauti ya ndani inangoja sauti ya nje. Wengi wetu tunaona swali hilo kama desturi ya sherehe tu. Ukitoka katika daftari za Haydon utalisikia kwa masikio mengine.

Juu ya kaye ya jioni, tunaye mwalimu wa Afrika, Mtakatifu Agustino wa Hippo. Watu wote wanajua Maungamo yake, ambamo anamsimulia Mungu mambo ambayo Mungu alimtendea. Wachache wanakumbuka kwamba katika uzee wake, karibu na mwaka 427, alichukua vitabu vyake kimoja kimoja, akavisoma upya, akaandika wazi wapi alikosea. Askofu mwenye sifa katika Eklezia nzima alikaa chini akajirudi mbele ya watu wote. Kazi hiyo ni kavu, haina utamu wa Maungamo, lakini inatuonyesha namna ya kutumia kaye. Tuandike, ndiyo. Kisha, mara moja kwa mwezi, tusome yale ya mwezi uliopita kama tungesoma barua ya mtu tusiyempenda sana, na tumpelekee Padri mwongozi yale tusiyotaka ayaone.

Neno la mwisho ni juu ya ile picha ya Yeruzalemu. Haydon aliichora miaka sita. Ina karibu mita 4 kwenda juu na mita 4 na nusu kwenda upande. Katikati ya makutano yanayomzunguka Bwana juu ya punda aliweka sura za watu aliowajua au kuwasoma: Keats, Wordsworth ameinamisha kichwa, Newton anayeamini, Voltaire anayedharau. Haikununuliwa Uingereza kwa bei aliyoitaka. Ilivuka bahari mpaka Marekani, na mwishoni ikatundikwa katika seminari kubwa ya Wakatoliki, Mount St. Mary's ya Cincinnati.

Mtu aliyeomba kila siku kwamba picha zake zipambe Bunge la nchi yake alipewa ukuta wa nyumba ya waseminari, katika nchi asiyoijua na Eklezia isiyo yake. Vijana wamepita mbele yake wakienda masomoni na kanisani, kila mmoja akiwa na swali la wito wake moyoni. Sijui kama Haydon angefurahi. Mimi nafikiri sala yake ilijibiwa, ila si kwa namna alivyoiandika.